Mtoto wa Mpera

Mama Viriba hakuwa na mtoto aliyeitwa Viriba. Jina hilo alipewa kazini, kwenye kitalu cha miche, kwa sababu kazi yake ilikuwa kujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya nailoni vya kuoteshea miche. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka mingi mpaka vidole viwili vya mkono wake wa kulia vikabaki vimekunjika hivyo hivyo, kama ameshika kiriba hata akiwa amelala. Ukisalimiana naye unaona kama anakukabidhi kitu.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya lundo la udongo uliochanganywa na samadi na mchanga. Anachota, anajaza, anagonga chini mara moja ili udongo ukae, anapanga pembeni. Anachota tena. Mbele yake viriba vilisimama kama askari wafupi wasio na vichwa, na vichwa vyenyewe viliwekwa na mtu mwingine. Huyo alikuwa Fundi Kisu, mwanamume mwembamba mwenye kikohozi kisichokwisha, ambaye kazi yake ilikuwa kutoa mmea mmoja kwenye mwingine bila mbegu. Alikata vijiti akavichomeka mchangani vikaota. Alichukua jicho la mchungwa mtamu akalibandika kwenye shina la mlimau, akalizungushia utepe. Na yapo matawi aliyoyafunga udongo yakiwa bado yako juu ya mti, mpaka yakatoa mizizi hewani.

Wote pale kitaluni walizungumza kama Fundi Kisu anavyozungumza, kwa lugha ya nyumbani. Mti unaochukuliwa tawi waliuita mama. Tawi linaloota waliliita mtoto. Kulikata tawi lililokwisha kutoa mizizi walikuita kumwachisha ziwa. "Huyu mtoto amekaza?" Fundi Kisu anauliza, na mtu anatikisa kijiti taratibu kuona kama kimeshika udongo. "Mama yake mzembe, hana maji mwilini." Mama Viriba alishazoea maneno hayo kama alivyozoea vumbi. Hakuyasikia tena.

Jioni alirudi nyumbani kwa miguu. Akifika mlangoni mwa chumba chake hafungui. Anakaa kwanza kizingitini, ufunguo mkononi, kanga imefungwa kiunoni, anatazama ua. Majirani wakimuuliza kama ufunguo umekataa anajibu, "Mlango haukimbii. Acha nipumzike ndipo niingie nikapumzike."

Alikuwa ameishi nyumba nyingi za kupanga. Marehemu mumewe alikuwa mwashi, na mwashi anafuata matofali. Ujenzi ukiisha hapa, wanahamia kule. Kila nyumba Mama Viriba alipanda kitu. Ya kwanza alichomeka kijiti cha mforosadi karibu na choo, kikashika. Ya pili akapanda mkomamanga. Ya tatu alipanda mbegu ya limau, akaunyweshea ule mti maji ya kuoshea vyombo mpaka ukampita kimo, na hakuwahi kuonja limau lake hata moja, kwa sababu walihama ukiwa bado unatoa miba tu. Mwaka mmoja alipita kwenye ile nyumba ya mforosadi. Watoto walikuwa juu ya mti, midomo myeusi kwa forosadi. Alinyoosha mkono achume moja. Mmoja wao akamwambia kwa heshima kabisa, "Bibi, samahani, hapa hairuhusiwi kuchuma. Mti una wenyewe."

Akasema, "Haya, mwanangu," akaenda zake.

Mumewe alipofariki, na watoto wake wawili walipokwisha kujitegemea, mmoja mbali na mwingine mbali zaidi, alihamia chumba hiki cha uani peke yake. Fundi Kisu alimpa mche wa mpera ambao kiriba chake kilipasuka na mteja akaukataa. Aliupanda karibu na bomba. Ukawa mpera wa nyama nyekundu, wenye mbegu chache sana, na ulizaa bila kubembelezwa. Ua zima lilikula. Mwenye nyumba alikula, wapangaji walikula, popo walikula usiku na asubuhi waliacha risiti yao juu ya nguo zilizoanikwa.

Mama Mwenyenyumba, mjane mnene mwenye sauti ya kuita gari, ndipo akatangaza kwamba anajenga vyumba viwili zaidi upande wa bomba. Mpera utakatwa. Chumba cha Mama Viriba kitavunjwa ukuta mmoja. Mwisho wa mwezi ujao ahame.

Mama Viriba alisema, "Sawa, mama." Akaenda kukaa kizingitini. Siku hiyo alikaa mpaka giza likaingia, ufunguo ukapata joto mkononi.

Kesho yake alimweleza Fundi Kisu. Fundi Kisu akamwambia kwa mzaha, "Chukua pera moja, kausha mbegu, upande huko uendako. Kwani kuna tabu gani?"

"We mwenyewe unasema mbegu ya pera ni bahati nasibu."

"Ni kweli. Unakula sukari, unapanda, unavuna mawe."

"Na hata likitoka tamu, nitangoja miaka mingapi? Mbegu inaanza utotoni. Itambae, isimame, ijue kusema. Mimi nimechoka, fundi." Aligonga kiriba chini. "Nimechoka kuanza na kijiti. Kila nyumba nakuja na kijiti, naondoka naacha mti. Safari hii nataka nihame na kitu kinachojua kazi yake."

Fundi Kisu alikohoa, akafikiri, akafuta kisu chake kwenye suruali. "Basi umfunge mtoto juu ya mti," alisema. "Tawi la mama anayezaa halianzi utoto upya. Limeshajua kuzaa. Likitoa mizizi unaondoka nalo, mwakani unakula."

Mama Viriba alikuwa amekwisha kujaribu vijiti vya mpera mchangani. Vyote vilikuwa vyeusi kabla ya wiki kwisha. Kwa hiyo alifanya kama alivyoambiwa. Jumapili alfajiri, watu wakiwa bado wamelala, alipanda juu ya kiti chini ya mpera. Aliifanya alfajiri kwa sababu mikono yake ilikuwa na nguvu saa hizo tu. Jioni isingeinuka kupita mabega. Alichagua tawi nene kama kidole gumba, lililonyooka, lenye majani mazima. Kwa kisu akazungusha mkato mmoja, na mwingine chini yake, upana wa vidole viwili, akalivua gome lile katikati kama anamvua mtu bangili. Akakwangua ule utelezi wa kijani uliobaki juu ya mti wa ndani, kwa sababu usipokwangua, kidonda kinajifunga na mti unajisahau, hautoi mizizi. Kisha akaweka makumbi ya nazi yaliyolowekwa, mabichi, kiganja kizima, akayazungushia kipande cha kiriba cheusi, akafunga kamba juu, akafunga kamba chini. Likaning'inia pale donge jeusi kubwa kama ngumi mbili.

Kosa lake lilikuwa moja. Lile tawi zuri kuliko yote lilikuwa linaelekea dirisha la mkamwana wa Mama Mwenyenyumba.

Mkamwana huyo alikuwa msichana mpole, mke wa mwanawe dereva wa lori, ambaye mwezi mzima yuko barabarani. Alikuwa mja mzito, na siku alizoambiwa kliniki zilikuwa zimepita. Kliniki wakasema asubiri, mambo haya hayana saa. Alisubiri akiwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, amevaa ndala za mumewe kwa sababu zake hazikuingia tena. Mama Viriba alikuwa akimchagulia mapera laini, anamwekea kwenye kibakuli. "Kula mwanangu. Huyo wa ndani anataka utamu, ndiyo maana hatoki, anakula kwanza." Msichana anacheka akishika kiuno.

Sasa, chumba cha pili kutoka kwa Mama Viriba alikaa msusi mmoja ambaye ua zima lilimwita Antena. Alisuka nywele mlangoni kwake, na kichwa cha mteja kikiwa katikati ya magoti yake, masikio yake yeye yalikuwa huru. Na simu ya Mama Viriba ilikuwa imeharibika kipande cha kusikilizia; ilifanya kazi ya kipaza sauti tu. Ukimpigia, mnaongea watatu, wanne, kutegemea nani yuko uani.

Jioni moja Fundi Kisu alipiga simu.

"Mtoto vipi?" ilisema simu, kwa sauti nzito ya kikohozi.

Mama Viriba alikuwa amelala chali kitandani, miguu ukutani ili damu irudi. "Bado yuko ndani," akasema. "Nimemfunga vizuri, juu na chini. Hapitishi hata hewa."

"Usithubutu kumfungua kabla ya wakati. Akitoka sasa atakufa."

"Najua, fundi."

"Na mama yake? Ana hali gani?"

"Mama yake ana nguvu bado. Hana habari kabisa."

"Si ndiye atakatwa mwisho wa mwezi?"

"Ndiye. Atakatwa." Mama Viriba akashusha pumzi. "Mimi nikishampata mtoto wangu, mama wamfanye wanavyotaka."

Nje, mlangoni, mikono ya Antena ilisimama katikati ya msuko. Mteja akauliza, "Vipi, umemaliza?" Antena akasema, "Nyamaza kwanza, dada. Nyamaza kwanza."

Usiku huohuo Antena alikuwa jikoni kwa Mama Mwenyenyumba. Alieleza yote aliyoyasikia, na hakuongeza neno, maana halikuhitaji kuongezwa. Kisha akamshika Mama Mwenyenyumba mkono, wakatoka na tochi, wakamulika dirishani kwa mkamwana. Donge jeusi lilikuwa pale, limefungwa juu na chini.

Jioni iliyofuata Mama Viriba alifika getini akiwa amechoka kuliko siku zote. Siku nzima walikuwa wakijaza viriba vya oda ya shule, na udongo ulikuwa mbichi, mzito. Alikuwa akifikiria kizingiti chake. Alikuta watu wote wa nyumba wamesimama kuzunguka bomba, na panga limeegemezwa kwenye mpera.

"Karibu, Mama Viriba," alisema Mama Mwenyenyumba, na ile karibu haikuwa na kiti ndani yake.

"Nimekaribia, mama. Kuna msiba?"

"Wewe ndiye utuambie." Mama Mwenyenyumba akanyoosha kidole juu. "Kile pale ni nini?"

Mama Viriba alitazama. Pengine angekuwa amepumzika angechagua maneno. Lakini ulimi wake ulikuwa bado uko kitaluni.

"Ni mtoto," akasema.

Watu walirudi nyuma hatua nzima. Mtu akaangusha ndoo.

"Kasema mwenyewe!" Antena akapiga kelele. "Mmemsikia? Kinywa chake mwenyewe!"

"Mtoto wa nani?" Mama Mwenyenyumba akauliza, na ile sauti ya kuita gari ilikuwa imekwisha, iliyobaki ilikuwa nyembamba.

"Wa mpera."

"Tangu lini mpera unazaa mtoto?"

"Unazaa, ukiufunga."

"Na mkwe wangu umemfunga kwa ajili gani? Nimekukosea nini mimi? Kukwambia uhame ndiyo umfunge mtoto wa mwenzio tumboni?"

Hapo ndipo Mama Viriba alipoelewa. Alimwangalia Antena, akaangalia simu yake mkononi, akakumbuka kila neno. Kwa dakika moja alitamani kucheka. Lakini kicheko nacho kinahitaji nguvu.

"Mama," akasema, "ile ni kazi ya kitaluni. Tunafunga tawi ili litoe mizizi. Ndani mna makumbi na maji. Basi."

"Na yule mganga wako aliyekukataza kufungua?"

"Si mganga. Ni fundi wa miche. Ana mke, ana watoto, ana kikohozi."

Watu wawili watatu walicheka puani. Mama Mwenyenyumba hakucheka. "Fungua tuone."

"Siwezi. Mizizi bado michanga. Nikifungua sasa nitamwua."

"Utamwua nani?" wakauliza watu wengi kwa pamoja.

Mama Viriba alifumba macho. Kila neno alilotoa lilikuwa linamrudia limevaa nguo nyingine. Angeweza kuwaeleza tangu mwanzo: mama ni nini, mtoto ni nini, kuachisha ziwa ni nini. Lakini kueleza nako ni mzigo, na yeye tangu asubuhi alikuwa amebeba. Na lile donge lilikuwa ndiyo mali yake yote ya kuhamia. Wakitaka kukata na wakate wenyewe, alifikiri. Mimi sitalifungua kwa mkono wangu. Akageuka kwenda kizingitini kwake.

Ndipo mkamwana aliposema. Alikuwa kwenye ngazi yake ya jikoni, mikono miwili chini ya tumbo, kama mtu aliyebeba beseni la maji na kukosa pa kulitua.

"Mama Viriba," akasema. "Mimi sijui kama ni kweli au si kweli. Wewe umenipa mapera, sijakuona na ubaya. Lakini silali. Tangu jana walivyoniambia, nikifumba macho naliona lile linaning'inia. Nifungulie tu. Tafadhali, mama."

Mama Viriba alimtazama miguu. Ilikuwa imevimba mpaka vifundo vimepotea, na mikanda ya ndala za mumewe ilikuwa imeacha alama ya mistari ngozini.

Kisha akasema, "Nileteeni kiti. Mikono yangu haifiki."

Akapanda. Watu wakasogea, lakini si karibu sana. Vidole vyake vilivyokunjika vilihangaika na fundo la kamba, naye hakutaka kisu, alitaka kulifungua taratibu. Kamba ya juu ikalegea, ya chini ikalegea. Akafunua nailoni. Ndani kulionekana rundo la kahawia, limelowa, limesokotana.

"Nywele!" alipiga kelele mtu.

"Nywele za nani? Antena, njoo uone, hizo kazi zako!"

Antena alisukumwa mbele. Hakupenda, lakini kazi ni kazi. Alinyoosha mkono, akavuta uzi mmoja, akausugua kati ya kidole na gumba, akaunusa. Ua lote lilimngoja.

"Si nywele," akasema polepole.

"Angalia vizuri!"

"Nimeangalia! Miaka yote nasuka, nitashindwa kujua nywele? Za kuzaliwa nazijua, za bandia nazijua, za farasi nazijua. Haya ni makumbi ya nazi. Ya kujazia godoro."

Mama Viriba hakuwasikiliza. Alikuwa akitenganisha yale makumbi kwa ncha za vidole, akipuliza. Na hapo, juu kidogo ya kidonda, ilikuwepo. Mizizi minne, mitano, myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea, imetambaa ndani ya makumbi kutafuta pa kushika. Mmoja ulikuwa umeng'ang'ania, na alipovuta, ukakatika.

"Eh," akasema mtu. "Mti umeota ndevu."

Kicheko kikatoka sasa, kile cha watu waliokuwa wameshika pumzi. Mkamwana aliinuka, akaja akiburuta zile ndala, akatazama juu muda mrefu. "Kumbe ni mizizi," akasema. "Hewani."

"Niache nifunge tena," Mama Viriba alimwambia Mama Mwenyenyumba, bado yuko juu ya kiti. "Wiki mbili tu, mama, ikaze. Nimfunge tena halafu—"

"Usifunge!" Mama Mwenyenyumba alishtuka kama aliyeguswa na moto. Aibu ilikuwa imempanda, na aibu ya mtu mwenye nyumba haishuki mbele ya wapangaji. "Katika nyumba hii hakuna kitu kitakachofungwa tena. Hata mlango mpaka mkwe wangu amalize salama. Kitoe leo."

Basi akakitoa. Alikata tawi chini ya ile mizizi, kwa msumeno mdogo wa marehemu mumewe. Akaondoa majani, akabakiza mawili aliyoyakata nusu nusu ili yasinywe maji ambayo mizizi haiwezi kuleta. Akalipanda kwenye kopo la rangi lililotobolewa chini, akalifunika mfuko mweupe wa nailoni, akaliweka pembeni ya kizingiti penye kivuli. Kisha akakaa. Hakuna aliyemuuliza kama ufunguo umekataa.

Kesho yake, kabla ya jua kuwaka, mkamwana alishikwa na uchungu. Adhuhuri alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye mapafu ya bibi yake.

Habari zilienea mtaa mzima kutoka mdomoni mwa Mama Mwenyenyumba. "Mimi sisemi kitu," alikuwa akisema, na akisema hivyo ujue anasema. "Mizizi, sawa, niliiona. Makumbi, sawa. Lakini yule alifungua jioni, na mkwe wangu akajifungua kesho yake. Kufungua, kujifungua. Jumlisha mwenyewe." Antena naye, aliyeshika yale makumbi kwa mkono wake, alijua ukweli wote, lakini hadithi ile ilileta vichwa vingi vya kusuka, kwa hiyo kila mteja alipewa sehemu ya makumbi mwishoni kabisa, msuko ukishakwisha.

Fundi Kisu alipoambiwa alicheka mpaka kikohozi kikamkalisha chini. "Mganga! Mimi!" Alijifuta machozi. Kisha akauliza, "Mizizi mingapi?"

"Minne. Mmoja nimeukata."

Akaacha kucheka. "Michache," akasema.

"Najua." Mama Viriba akachota udongo, akajaza, akagonga chini.

Mwisho wa mwezi alihama kwa mkokoteni mmoja. Kitanda, jiko, sufuria zilizofungwa ndani ya shuka. Lile kopo alilibeba mwenyewe kifuani njia nzima, na msukuma mkokoteni alimwambia, "Mama, weka hicho kijiti hapa juu, usijitese." Akamjibu, "Sukuma, baba. Hiki hakisukumwi."

Chumba kipya hakikuwa na ua. Kulikuwa na ujia mwembamba, mtaro wa maji machafu, na mbele ya mlango wake kipande cha ardhi kisichozidi mkeka. Wiki ya kwanza jani moja lilianguka ndani ya ule mfuko. Wiki iliyofuata la pili. Kikabaki kijiti. Kila akirudi kazini alikaa kwenye kizingiti kipya, kilichokuwa kifupi na cha saruji mbaya, ufunguo mkononi, akikitazama. Kijiti kama kile alichoanza nacho nyumba ya kwanza, alipokuwa na miguu ya kukimbia na mume wa kumchekesha. Hakulia. Alikinywesha maji kidogo, akaingia ndani.

Jumamosi moja akiwa amekaa hivyo, aliona mtu anakuja ujiani akitazama milango. Alikuwa mkamwana, mtoto mgongoni, mfuko mkononi, ndala zake mwenyewe miguuni.

"Hodi, mama."

"Eh! Karibu, mwanangu. Nani kakuelekeza huku?"

"Antena. Nani mwingine?" Akakaa karibu naye kizingitini, wakabanana. "Mama mkwe anajua niko kliniki." Alifungua mfuko; ulikuwa na mapera, yameanza kulainika. "Ya mwisho. Mti walikata juzi, msingi umeshachimbwa. Nikayawahi."

Mama Viriba alishika pera moja, akalinusa, hakulila. "Mtoto vipi?" akauliza.

"Yupi? Wangu au wako?"

Walicheka wote wawili, Mama Viriba kidogo, puani. Msichana akamshusha mtoto mgongoni, akampa ampakate. Kiganja kile kidogo kilikutana na vidole viwili vilivyokunjika, kikaingia katikati yake, kikashika.

"Huyu naye kashika kiriba," alisema Mama Viriba. "Msomesheni mapema, atanirithi kazi."

Msichana hakucheka sana. Alikuwa akitazama lile kopo. "Ulijua kitakufa ukifungua," akasema. "Ulisema mbele ya watu. Kwa nini ulifungua?"

"Miguu yako ilikuwa imevimba."

"Basi?"

"Basi. Ulitaka nini kingine?"

Maji ya mtaro yalipita na povu la sabuni la mtu. Msichana aliuliza kama kijiti kimekufa kweli. Mama Viriba akasema hajui. Kitaluni wanakwaruza kwa kucha, chini ya gome kukiwa kahawia, kimekwisha, kukiwa kijani, bado. Hakuwa amekikwaruza. Kila jioni alisema atakikwaruza kesho. Ukiwa umechoka, alisema, kuna mambo unaona afadhali usiyajue.

"Nikwaruze mimi?"

Mama Viriba alimpapasa mtoto mgongo, akatazama pembeni. "Kwaruza. Taratibu."

Msichana alipiga magoti, akatoa mfuko wa nailoni, akaweka ukucha karibu na ncha. Gome likatoka. Kahawia, kavu. Akashuka katikati, akakwaruza; kahawia. Mama Viriba alisikia ile kucha, akasikia na ukimya uliofuata, akaendelea kumpapasa mtoto. Msichana akainama mpaka shavu likagusa ukingo wa kopo, akakwaruza chini kabisa, karibu na udongo.

"Mama," akasema. "Njoo uone."

"Niambie tu, magoti yangu hayataki."

"Kijani. Kimelowa."

Mama Viriba aliinuka, magoti yakitaka yasitake, mtoto begani. Akainama. Palikuwa na kidoa cha kijani, kikubwa kama punje ya mchele, kinang'aa. Alikitazama mpaka mgongo ukamuuma. Kisha akafikiri yote yaliyobaki: kukata ile sehemu iliyokauka, kungoja jicho lichomoze, kungoja jani, kungoja tawi, na maji kila siku kutoka bomba la mbali, na mwenye nyumba mwingine ambaye siku moja atataka kujenga. Mwakani hatakula pera. Huenda hata mwaka unaofuata.

Msichana aliweka ukucha tena, pembeni kidogo, ahakikishe.

"Acha," Mama Viriba akamshika mkono. "Usimjulie hali mpaka ukamwua."

Akaurudisha mfuko juu ya kijiti, akaubana pembeni kwa kijiwe, akarudi kizingitini na mtoto wa watu begani. Ufunguo ulikuwa bado uko mkononi mwake. Akampa msichana. "Fungua mlango, mwanangu," akasema. "Mimi nimechoka. Uingie unipashie maji."